Jinsi ya kutunza shukrani na furaha ukiwa mmisionari nchi ya watu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naandika hii kwa ajili ya vijana wa huku kanda ya ziwa wanaojiandaa kutoka kwenda kuhudumu nje ya nchi, maana tangu nimerudi Mwanza haipiti Jumapili bila binti au kijana kunivuta pembeni baada ya ibada ananiuliza dada kule ulikaaje, ulivumiliaje, furaha ulikuwa unaitoa wapi ukiwa mbali na watu wako. Nilikaa Malawi karibu miaka mitano, Nkhotakota, mji uliopo kando ya ziwa, kuanzia Septemba 2019 hadi katikati ya 2024. Kanisa letu la hapa Igoma lilinituma nikafundishe kina mama ushonaji na kusaidia ibada ya watoto. Wapo waliokaa mara tatu ya hiyo, wengine wamezeekea hukohuko, ila kuna mambo niliyajifunza kwa machozi na nisingependa mwingine ayajifunze kwa njia ileile wakati mimi nipo, simu ninayo na kuandika naweza.

Nianze na hili maana ndo msingi wa yote. Sisi tukitumwa tunawekewa mikono kama watu wanaokwenda kutoa. Unakwenda kutoa neno, kutoa ujuzi, kutoa ujana wako. Ni kweli, lakini mtu ambaye kazi yake ni kutoa tu haichukui muda anaanza kuhesabu, anahesabu ametoa nini, wangapi wameshukuru, nani hajathamini, wangapi wameokoka. Mwaka wa kwanza mimi nilikuwa hivyo na furaha iliniisha kabisa, naamka asubuhi kifua kizito, nikidhani ni kumkumbuka mama tu. Halafu siku moja nasoma Luka 10 pale Yesu anapowatuma wale sabini, nikaona kitu ambacho miaka yote nilikuwa nakipita, kwamba aliwakataza kubeba mfuko, akawakataza mkoba, akawaambia waingie kwenye nyumba za watu wale watakachoandaliwa. Yaani aliwatuma wakiwa wahitaji, makusudi kabisa. Wafike wana njaa, wapokelewe, wale chakula cha watu, ndipo waseme ufalme wa Mungu umekaribia. Nikaelewa kwamba kupokea na kushukuru ni sehemu ya kazi yenyewe iliyonipeleka kule, na mimi nilikuwa sijaianza.

Kabla hujaondoka

Usikubali kutumwa na kanisa tu kwa jina. Kanisa ni neno kubwa, usiku ukiwa na homa peke yako chumbani huwezi kulikumbuka neno kubwa, utakumbuka sura za watu. Mchango wangu wa kila mwezi ulikuwa unatoka kwa watu thelathini na kitu, nikaomba orodha kwa mhasibu nikachukua wiki mbili nzima nikawazungukia mmoja mmoja, na niliwafuata kazini kwao sio nyumbani, hii nakuomba ufanye hivyohivyo. Kuna kijana wa bodaboda Buzuruga, kuna mwalimu Nyakato, kuna fundi baiskeli, na kuna mama mmoja anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba ambaye alikuwa ameahidi shilingi elfu mbili kila mwezi. Huyu nilimfuata saa kumi na mbili asubuhi, magunia yanashushwa, wapagazi wanapiga kelele wapishwe njia, yeye ameinama anapima dagaa kwa sado, na nikasimama pembeni nikamsikia anabishana na mteja kwa ajili ya shilingi mia mbili. Mia mbili! Hapo ndo nikaijua ile elfu mbili ni kitu gani, na tangu siku ile kila nikinunua kitu cha elfu mbili kule ugenini nilikuwa namuona yeye ameinama.

Ukiwafikia waulize mambo machache, nikuombee nini, ungependa kujua nini kuhusu kule niendako, na nikitaka kukupigia ni saa ngapi una nafasi. Piga nao picha wakiwa kazini, zitoe kwenye karatasi kabisa usiziache kwenye simu, ukifika bandika ukutani. Na kama kuna mtu mmekosana malizaneni kabla hujaondoka, ugomvi unaobebwa kwenye begi hauishi unakomaa.

Miezi ya mwanzo

Jifunze kushukuru kwa lugha yao kabla hujajifunza kuhubiri kwa lugha yao. Kwa Chichewa neno ni zikomo na lina kazi nyingi ajabu, unashukuru nalo, unapita nalo mbele ya watu waliokaa, unajibia nalo ukijuliwa hali. Wasukuma wenzangu mtalielewa haraka, ni kama wabeja yetu, neno fupi ila mtu akikwambia linakufika. Nilikaa wiki za kwanza sina neno lingine kichwani zaidi ya hilo na salamu, na nakwambia lilitosha kunifungulia nyumba za watu. Hodi yetu kule ni odi, na wa ndani anaitikia odini, siku ya kwanza nimeisikia nilisimama mlangoni machozi yananilenga maana nilijiona sijafika mbali sana na nyumbani. Mungu wanamwita Mulungu. Na majina yao sasa, utakutana na Thokozani, maana yake shukuruni, utakutana na Chimwemwe, maana yake furaha, ni majina ya kawaida kabisa kule kama sisi tulivyo na kina Neema na kina Furaha, kwa hiyo kila asubuhi nikiita majina darasani nilikuwa nahubiriwa mwenyewe kabla sijashika mkasi.

Ukipewa kitu pokea kwa mikono miwili na uiname kidogo. Sisi tuliolelewa kusalimia kwa kupiga goti hili halitusumbui, ila wapo vijana wa mjini wanapokea kwa mkono mmoja na mwingine uko kwenye simu, inaumiza watu na hawatakwambia.

Angalia pia saa. Wao hawahesabu saa kama sisi, na wako nyuma yetu kwa saa moja. Nilimwambia abusa, ndo wanavyomwita mchungaji, tukutane saa mbili, mimi nikimaanisha saa mbili yetu ya asubuhi, yeye akaelewa ni ile mbili inayosomeka kwenye saa ya mkononi, nikamsubiri toka asubuhi hadi mchana na nikawa nimeshaanza kunung'unika moyoni kwamba hawa watu hawathamini muda. Alikuja kwa wakati wake kamili. Manung'uniko mengi ya miezi ya kwanza yako hivyo, yanatokana na kutojua, basi usiyape nafasi ya kukaa mpaka uulize kwanza.

Na kulinganisha. Hutaweza kuzuia kichwa kisilinganishe, hasa sisi wa ziwani tukienda kwenye ziwa lingine, maana samaki wao anayeitwa chambo ni ndugu wa sato wetu, na usipa, yaani dagaa wao, ukiwaona kwa mbali wameanikwa utasema upo Mwaloni. Mimi nilikuwa na tabia ya kusema kwetu Mwanza dagaa tunafanya hivi, kwetu Mwanza samaki wakubwa, kwetu kwetu, hadi siku moja nikaona kina mama wamenyamaza kimya wanashona tu. Nilijirekebisha hivi, kila nikitaka kusema kwetu nilikuwa natafuta kwanza kitu kimoja ambacho wao wanakijua kuliko sisi nakisema hicho. Nsima yao kwa mfano, laini, inachotwa kwa mwiko vipande vipande vinalala sahanini vizuri, sijui ugali wetu kwa nini hatuufanyii hivyo. Na usiku unatoka nje unaona taa za wavuvi zimejipanga ziwani mstari mrefu, sawasawa na zinavyoonekana ukisimama Capri Point, hapo nilikuwa nasema tu asante Mungu na kurudi kulala.

Kukubali kupewa

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo nilipokosea sana.

Kule kuanzia Januari hadi Machi ni kipindi kigumu, mahindi ya mwaka jana yamekwisha ghalani na mapya hayajakomaa, nyumba nyingi wanakula mara moja. Februari 2020, mvua imenyesha usiku kucha, asubuhi nasikia odi, natoka namkuta bibi jirani yangu, agogo, amebeba beseni dogo limejaa usipa wakavu. Nilijua nyumbani kwake ana wajukuu wanne. Nilijua wamelala na uji. Nikafanya kile nilichokiona ni upendo, nikamwambia hapana agogo, hizi wapelekee watoto, mimi ninacho chakula. Nilisema kwa upole kabisa. Aliniangalia, akachukua beseni lake, akaondoka taratibu kwenye matope, na hakunipigia odi tena wiki tatu.

Nilidhani anaumwa. Nikamuuliza abusa, akakaa kimya muda mrefu halafu akaniambia wewe umekuja kutufundisha kushona tumekubali, umekuja na cherehani zako tumekubali, siku bibi amepata kitu cha kukupa umemwambia cha kwake hakihitajiki. Akaniambia wao wana methali kwamba mgeni ndiye huja na wembe mkali. Nikasema hata sisi tunayo, mgeni njoo mwenyeji apone. Akasema ndiyo, lakini mwenyeji naye lazima awe na cha kumwekea mgeni, la sivyo sio mwenyeji tena kwenye nyumba yake.

Sikulala usiku ule. Kesho yake nikaenda kwa bibi, nikapiga odi, nikapiga magoti, nikamwomba chumvi. Chumvi nilikuwa nayo, ila nilikuwa sijui njia nyingine ya kumwambia nakuhitaji. Akaingia ndani akanifungia chumvi kidogo kwenye kipande cha gazeti, akanipa kwa mikono miwili nikapokea kwa mikono miwili, nikasema zikomo, na akaanza kucheka, akanivuta tukakaa kwenye mkeka. Kuanzia siku hiyo nilikuwa na bibi. Alinifundisha lugha kuliko kitabu chochote, alinisema nikikonda, aliniombea kila jioni kwa sauti hadi namsikia kutoka kwangu.

Kwa hiyo fanya hivi, wiki ya kwanza ukifika nenda kaombe kitu kwa jirani. Kaombe moto, kaombe chumvi, kaombe wakuonyeshe mahali pa kuchota maji, kaombe wakufundishe kupika mboga yao. Na ukipewa kula palepale mbele yao usibebe kwenda kuficha. Kama unajua nyumba ile ina shida pokea kwanza, shukuru kwanza, halafu tafuta siku nyingine na njia nyingine ya heshima ya kuwapelekea watoto unga, usirudishe mkono uliotoa. Watu maskini wamezoea kupewa na kila mtu, ila nafasi ya wao kutoa hawapewi, na ukiwapa nafasi hiyo ndo utaona furaha ya kweli usoni mwa mtu, na itakuambukiza.

Daftari la madeni

Kuna watu watakushauri kila usiku uandike mambo unayoshukuru, hewa, jua, afya. Mimi nilijaribu, baada ya wiki nilikuwa narudia yaleyale bila moyo. Kilichonisaidia ni kukumbuka lile daftari la dukani, kila mtu aliyekulia mtaani kwetu analijua, mwenye duka anaandika jina lako, tarehe na ulichochukua, sukari robo, sabuni nusu mche, mkate. Nikanunua daftari la kurasa mia nikafanya hivyo hivyo. Tarehe, jina, kitu. Tarehe fulani, bibi jirani, chumvi. Tarehe fulani, dereva wa matola, yaani gari dogo la wazi linalobeba watu, kanirudishia mwavuli niliousahau. Mwanafunzi wangu kaniazima kanga msibani. Mama wa Mwaloni, elfu mbili. Abusa kanikemea kwa upole.

Usiandike hisia, andika jina na kitu. Hisia ukizisoma mwaka unaofuata hazikwambii chochote lakini ukisoma chumvi, kipande cha gazeti, unaiona siku nzima. Madeni yenyewe hutayalipa, hata usijaribu kulipa moja baada ya jingine utaharibu, kazi ya daftari ni kulisoma. Mimi nilikuwa nalisoma kwa sauti nikiomba, kila jina namtaja mbele za Mungu, na siku za ukame nilikuwa sina ombi lolote kinywani isipokuwa yale majina. Kufikia narudi yalijaa madaftari matatu na nusu.

Siku ambazo furaha haipo

Zitakuja, na sitaki mtu akudanganye kwamba ukiwa na shukrani ya kutosha hazitakuja. Sisi watu wa ziwa hili tunapaswa kulijua hilo kuliko wengine, maana hapa kwetu ndipo wamisionari wa kwanza walipopita kwenda Uganda. Wale wa Kanisa la Uingereza waliotoka kwao mwaka 1876 walikuwa wanane, na mmoja wao, Alexander Mackay, kijana fundi wa mitambo kutoka Scotland, aliwaambia waliowatuma wasishangae ndani ya miezi sita kusikia mmoja wao amekufa, na ikawa hivyo. Mwaka 1877 baadhi yao walifika Kageye, pale Magu, na Desemba mwaka huohuo wawili kati yao, Shergold Smith na O'Neill, wakauawa Ukerewe. Mackay alikaa karibu miaka 14 bila kurudi kwao hata mara moja, akafa kwa homa Usambiro, kusini mwa ziwa letu, Februari 1890. Kama unaweza nenda Kageye ukae ufukweni kabla hujaondoka. Mimi nilikwenda, na nilichokiona pale ni kwamba walioleta habari njema hapa hawakuwa watu wa kuchekacheka kila siku, walizika wenzao, waliumwa, na bado kazi iliendelea. Inakupunguzia mzigo wa kujilazimisha kutabasamu.

Mama yangu alifariki Julai 2022. Simu ilipigwa usiku, kaka yangu hakuweza hata kusema vizuri, alisema tu mama, mama. Kutoka Nkhotakota hadi Mwanza kwa basi ni kupanda hadi Mzuzu, Karonga, kuvuka mpaka wa nchi pale Kasumulu, Mbeya, halafu nchi nzima hadi huku, siku tatu ukienda bila kupumzika, na nyumbani walikuwa wanazika kesho yake. Nilijua sitawahi. Nilikaa sakafuni na sikuwa na shukrani yoyote, nilikuwa na hasira na Mungu na kazi yake na ziwa lao.

Kabla hakujapambazuka nilisikia odi. Bibi alikuwa amesikia kilio changu. Akaingia akakaa chini pembeni yangu hakusema neno lolote zaidi ya pepani, ambayo ni pole yetu. Wakaja wengine. Asubuhi chumba kilikuwa kimejaa kina mama wamekaa kwenye mkeka, wengine nje, wakaimba taratibu nyimbo zao, na hakuna hata mmoja aliyeniambia nishukuru kwa kila jambo. Mchana abusa akaleta sahani ya bati ina noti za kwacha, nyingi ndogondogo zimekunjwakunjwa, ilikuwa nauli. Wale kina mama ambao mimi nilikwenda kuwasaidia walikuwa wamechanga nauli yangu. Nilipokea kwa mikono miwili. Nilifika Mwanza mama ameshazikwa, nikakaa na ndugu zangu wiki mbili, na nikarudi, watu wengi hapa walinishangaa kwa nini narudi, lakini ile sahani ya bati ndiyo ilinirudisha.

Basi ushauri wangu wa siku kama hizo ni mfupi, lia, na usilie peke yako. Usijifungie ukiwaza watakuona imani yako ni ndogo. Waache wakuone. Shukrani itakuja baadaye yenyewe kwa mlango wa nyuma, nami iliniingia nikiwa ndani ya basi karibu na Mbeya nikikumbuka nani alikaa wapi kwenye mkeka.

Kuwaandikia waliokutuma

Soma Wafilipi kama barua ya shukrani ya mmisionari, maana ndivyo ilivyo. Paulo yupo kifungoni, wamemtumia msaada kwa mkono wa Epafrodito, na yeye anaandika amepokea, anamtaja aliyeleta kwa jina, anaeleza kwamba aliumwa karibu kufa, anakumbuka hata kipindi kile yupo Thesalonike walimtumia zaidi ya mara moja. Anakumbuka mahali na mara ngapi! Ripoti zetu nyingi sasa ni namba tu na maombi ya hela. Mimi kila mwezi nilikuwa natuma ujumbe wa sauti wa dakika tatu kwenye WhatsApp, stori moja tu, mtu mmoja tu, na mwishoni nawataja waliotoa mwezi ule. Jumamosi jioni, kwa sababu nilijua yule mama wa Mwaloni jioni ile ndo anakuwa amekaa. Usitume picha ya mtu bila ruhusa yake na usitume kabisa picha ya mtoto mchafu au mgonjwa ili watu waguswe, jiulize kama mama yake angeiona angejisikiaje.

Halafu kuna jambo lazima niliseme wazi. Kuna kipindi fungu langu halikufika miezi minne, ofisi iliyokuwa inashughulika na kututumia haikujibu, na mimi nilinyamaza nikijiambia mtu wa shukrani halalamiki. Nilikopa, nikakonda, nikaanza kuwachukia watu ambao hata hawakujua. Huko kunyamaza hakukuwa shukrani. Andika barua ya heshima, taja tarehe, taja kiasi, uliza jibu litatoka lini, na nakala mpe mchungaji wako. Moyo uliosema ukweli ndo unaoweza kushukuru tena.

Na angalia unashukuru mbele ya nani. Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani, bei ya dola ikapanda kwa asilimia 44, siku moja tu, akiba za kina mama zikapungua mikononi mwao. Mimi niliyekuwa natumiwa kutoka Tanzania hela yangu ikaongezeka kwa hesabu yao. Nilikaribia kusema kwenye maombi asante Bwana kwa kuniongezea, nikajizuia. Baraka yako ikiwa imetokea kwenye shimo la jirani, mshukuru Mungu chumbani na utoke ukamsaidie jirani.

Kuhesabu matunda

Utaulizwa sana, wangapi? Mwanzoni mwa 2023 kipindupindu kilikuwa kimeenea wilaya zote za Malawi, tukasimamisha darasa wiki kadhaa, tukawa tunashinda tunachemsha maji na kugawa sabuni, ripoti ya miezi ile kwenye safu ya wanafunzi niliandika sifuri. Rudi Luka 10, wale sabini walirudi na furaha kwa sababu pepo waliwatii, na Yesu akawaambia wafurahi zaidi kwamba majina yao yameandikwa mbinguni. Nikiwa na hiyo sifuri niliishika sana hiyo aya. Tena ile miezi, sisi na ndoo zetu, tulicheka kuliko miezi yote.

Mwili nao usiusahau. Lala, kula, lala ndani ya chandarua, pima malaria ukijisikia vibaya usianze kukemea kabla hujapima, chukua siku moja kwa wiki usifanye huduma yoyote. Mara nyingi niliyoiita vita ya kiroho ilikuwa usingizi.

Ukirudi

Watu watakuuliza dakika mbili halafu wataendelea na mambo yao, usiwakasirikie, na wao wameishi miaka hiyo yote huku. Tenga mwezi mmoja uwazungukie tena walewale wa kwenye orodha, kazini kwao tena, na ubebe kitu cha kule hata kidogo, na daftari. Wapo waliokufa, wawili kwangu, nilikwenda kwa watoto wao.

Mama wa dagaa nilimkuta palepale Mwaloni, amezeeka kidogo. Nikampa kifuko cha usipa, akamweka mmoja mdomoni, akatafuna akitazama ziwani, akasema hawa ni watamu, wanakaribia wetu. Tukakaa kwenye gunia, nikamfungulia daftari la kwanza nikaanza kumsomea, tarehe, jina, kitu, na jina lake likitokea kila mwezi na elfu mbili yake. Wateja walikuja akawaambia subirini. Nilipofika Februari na Machi 2020, kwa bibi, akaufuta mkono kwenye kanga akanishika goti.

"Soma tena hapo pa chumvi," akasema.

Nikarudi juu ya ukurasa nikasoma tena.